Chipu Shingoni mwa Farasi: Tuogope Nini Hasa?

Baina ya jamaa zetu kumezuka mjadala mrefu. Wale wa Riyadh wanaofuga farasi wameelezwa kwamba farasi wa Kiarabu haandikishwi katika Kituo cha Mfalme Abdulaziz kule Dirab mpaka atiwe chipu ya utambulisho shingoni. Mmoja wao akaeneza habari kwamba chipu hizo huleta saratani, na tangu hapo wa Jeddah, wa Mombasa na wa Maskati hawajanyamaza. Kwa kuwa nimetakiwa rai yangu, naiandika hapa.

Habari ya saratani haikuzuliwa. Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press lilieleza tafiti za maabara, zilizoanzia katikati ya miaka ya 1990, ambamo baadhi ya panya waliotiwa chipu walipata uvimbe mahali ilipokaa. Kiwango kilikuwa baina ya asilimia 1 na 10. Lakini panya wa maabara ni kiumbe mdogo, na wengi wao ni wa mbegu zilizo nyepesi kushikwa na uvimbe hata bila ya kuguswa. Chipu ya milimita 12 kwake ni gogo. Kwa farasi wa kilo 400 ni punje ya mchele. Mbwa na paka waliopata uvimbe wa namna hiyo wameandikwa katika majarida ya matabibu wa wanyama, nao ni wachache mno mbele ya mamilioni waliokwisha kutiwa chipu. Tena chipu haina betri wala haitoi mawimbi mpaka isogezewe mashine ya kuisoma.

Madhara yanayoonekana zaidi ni ya kawaida: kuvimba kwa siku chache, usaha ikiwa sindano haikuwa safi, au chipu kuhama mahali pake. Ndiyo maana kwa farasi hutiwa ndani ya kano ya shingo, kwa kawaida upande wa kushoto chini ya singa, ishikwe isitembee.

Wanaolalamika kwa jina la mila za wazee nao wakumbuke wazee walifanya nini. Ngamia wa mabedui walijulikana kwa wasm, yaani chapa ya chuma cha moto, na sunna yenyewe ilikataza mnyama kuchomwa usoni. Anayeiona sindano moja kuwa ni dhuluma na huku akiusifu wasm, sijui huruma yake ameipima kwa mizani gani. Farasi walikuwa na hujja, karatasi ya nasaba yenye saini za mashahidi. Lakini karatasi na mnyama ni vitu viwili, na hujja ya farasi aliyekufa yaweza kuvishwa farasi mwingine. (Wapo pia wasiotaka kutambuliwa kwa sababu zao. Desemba 2021 zaidi ya ngamia 40 waliondolewa katika mashindano ya urembo ya Tamasha la Mfalme Abdulaziz, karibu na Riyadh, kwa kutiwa Botox na hila nyinginezo. Sindano ile hawakuiogopa!)

Hofu yangu mimi iko kwingine. Nimekuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini, na najua kwamba namba isiyo na daftari ni sawa na hakuna. Ndani ya chipu hamna ila tarakimu 15: hamna jina, hamna chanjo, hamna maradhi. Farasi akiuzwa kutoka Riyadh kwenda Jeddah na daftari lisigeuzwe, daktari wa pili asiyetanguliza mashine atamtia chipu nyingine, na pengine atarudia chanjo aliyokwisha kuchanjwa. Hapo mnyama ameumizwa bure.

Na jambo hili linawagusa watu pia. Virusi vya MERS vilitambuliwa kwanza kwa mgonjwa aliyelazwa Jeddah mwaka 2012, kisha ikabainika kwamba ngamia huvibeba. Mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Jizan, mifugo ya Pembe ya Afrika ilizuiwa yote, mzima na mgonjwa, kwani hapakuwa na njia ya kumtenga huyu na yule. Wafugaji wa Somalia hawakufunguliwa soko la Saudia tena mpaka 2009. Watu wa pwani yetu wanaijua hasara ile.

Basi mimi nasema chipu itiwe, ila kwa masharti. Sindano iwe mpya kwa kila mnyama, na mashine ipitishwe shingoni kabla na baada ya kutia. Uingereza sheria imelazimisha madhara ya chipu kwa mbwa yaripotiwe serikalini; napenda wafugaji wa Saudia nao wadai hivyo kwa farasi na ngamia, na hesabu ile isomwe na kila mtu. Hapo tutabishana kwa tarakimu za kwetu, si kwa panya wa maabara za watu.

Jamaa watakaoandikisha wanyama mwaka huu, nawaomba waniletee namba zao pamoja na tarehe za chanjo. Nimefungua ukurasa katika daftari la ukoo.