Viboko wa Kajaga wanahitaji kanuni ya pamoja

Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa za wavuvi hazivuti ndagala, na mitumbwi mingi ya Ziwa Tanganyika hubaki ufukweni. Kwa mchuuzi aliyevuka kutoka Uvira au aliyepanda boti kutoka Kigoma, hizo ni siku za kungoja mzigo na kuhesabu gharama za malazi. Wengi huzipitishia Kajaga, kandokando ya barabara ya Bujumbura kwenda Gatumba. Jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, viboko huinua vichwa karibu na mchanga. Giza likiingia, hupanda nchi kavu kutafuta majani. Simu hutolewa mifukoni, watu husogea, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kutamani kuona wanyama si kosa. Kajaga ni jirani wa Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, iliyolindwa tangu mwaka 1980 na kuingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, na unapokaribia Tanganyika hugawanyika matawi mawili: Rusizi Kubwa inayopita ndani ya Burundi, na Rusizi Ndogo inayochora mpaka na Kongo. Katikati ya matawi hayo yako matete wanamojificha nzohe, na maji wanayoyapenda wari, viboko na mamba. Mfanyabiashara anayepita njia hiyo mara mbili kwa wiki huenda hajawahi kuingia humo hata siku moja, ingawa watalii husafiri kutoka mbali kuja kuiona.

Tatizo ni kwamba mnyama anayeonekana bila kiingilio huonekana pia bila mwongozaji. Kiboko mzima hupita kilo elfu moja na mia kadhaa, na akikurupushwa hukimbia kwa kasi ambayo binadamu wa kawaida haiwezi. Hamfuati mtu ili amle. Humshambulia kwa sababu amekatiwa njia ya kurudi majini, au kwa sababu ana mtoto. Mamba ni kinyume chake: huvizia pale pale watu wanapooga, wanapofua na wanapoosha samaki. Sifa za mamba aliyepewa jina la Gustave zimeenea duniani kote, na sinema imetengenezwa juu yake. Lakini mchuuzi hahitaji kumwogopa mamba mmoja wa hadithi. Wa kawaida anatosha.

Hali imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ya maji. Tangu mwaka 2020 Gatumba imefurika mara kwa mara, na mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi kula nyumba, mahoteli na vibanda vya ufukweni. Maji yalipoingia mitaani, viboko waliyafuata. Wakati huo huo nyumba mpya zimejengwa mahali wanyama hao walipozoea kulisha. Mchuuzi anayetoka alfajiri na beseni kichwani ili awahi mpaka anatembea saa ile ile ambayo kiboko anarudi majini. Hayupo pale kutalii. Yuko kazini, na hatari imemkuta njiani.

Kwa hiyo jambo hili linahitaji hatua za watu watatu: mfanyabiashara, mamlaka za Burundi na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mfanyabiashara aanze na yaliyo mikononi mwake. Asiukaribie ukingo wa maji baada ya jua kuzama, na asisimame kati ya kiboko na ziwa. Anayetaka kuwaona vizuri aende mchana kwenye lango la hifadhi, alipe, apande mtumbwi pamoja na mwongozaji anayejua wanyama wamelala wapi. Wachuuzi watano wakichangiana, gharama hugawanyika. Pia akatae biashara ya nyama na meno ya kiboko. Kiboko yumo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyamapori kati ya nchi na nchi, na jino moja likikutwa ndani ya gunia la ndagala, foleni nzima ya Gatumba itapekuliwa mpaka samaki wa wasio na hatia waharibike.

Mamlaka za Burundi, kuanzia ofisi inayosimamia hifadhi hadi viongozi wa mitaa, zina kazi ya wazi. Mabango ya onyo yawekwe ufukweni na penye njia za viboko, yaandikwe kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, kwa kuwa wapitao hapo wanatoka nchi tofauti. Majani ya kando ya njia za miguu yafyekwe. Taa ziwekwe pale wanawake wanapopita usiku. Wenye mahoteli wanaovutia wateja kwa jina la viboko wachangie gharama hizo, maana wao ndio wa kwanza kunufaika.

La tatu ndilo kubwa. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Tanzania ina kifuta jasho na kifuta machozi. Rwanda ina mfuko wake, na Uganda iliweka mpango wa fidia katika sheria ya mwaka 2019. Kila nchi imejipangia kivyake. Mama wa Uvira akivunjwa mguu na kiboko huko Kajaga, au kijana wa Burundi akijeruhiwa upande wa Kongo, hakuna kanuni moja ya Jumuiya inayosema aripoti wapi, atibiwe kwa gharama ya nani, na madai yake yafuatwe na ofisi gani akisharudi kwao.

Kifungu cha 116 cha Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha mwaka 1999, kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika kuhifadhi wanyamapori. Burundi ilijiunga mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, hivyo kingo zote mbili za Rusizi Ndogo sasa ziko ndani ya nyumba moja. Mfano wa ushirikiano upo ziwani humo humo: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa na nchi hizo nne, ina makao yake Bujumbura, mwendo mfupi kutoka Kajaga.

Kama nchi nne zimeweza kukubaliana juu ya ndagala, zinaweza kukubaliana juu ya mtu anayembeba ndagala huyo. Vyama vya wachuuzi wa Gatumba, Uvira na Kigoma vipeleke ombi hilo kwa maandishi sasa, kabla mwili wa mwenzao haujasafirishwa kuvuka mpaka ukiwa na karatasi nyingi kuliko bidhaa.