Mashine na Matunzo Yake: Moshi Mweusi Hautibiwi kwa Parafujo

Mwenye lori akiona lori lake limelegea njiani, mara nyingi jambo la kwanza kumjia moyoni ni pampu ya dizeli. Amekwisha kusikia ya kuwa katika pampu ile imo parafujo moja ndogo, na kwamba fundi akiizungusha kidogo lori litapanda kilima kana kwamba halina mzigo. Maneno hayo ni ukweli nusu, na ukweli nusu umewaunguzia watu injini nyingi.

Mfano wake ni bwana mmoja wa Bodo, kijiji cha Kwale kinachotazamana na kisiwa cha Funzi. Bwana huyo hununua nazi za wakulima na kuzipeleka sokoni Kongowea, Mombasa. Na wakati wa kurudi hupakia saruji ya wenye maduka wa Kwale mjini. Lori lake ni la dizeli lenye tabo, yaani kile kipepeo kinachozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa. Alilinunua kwa mkopo wa chama, na waliomdhamini ni jirani zake wanne. Likifa lori, deni litawaangukia wao.

Siku moja lori lilishindwa kupanda kutoka Kombani kwenda Kwale. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nyuma likatokea wingu jeusi, na mwendo ukawa wa kobe. Jioni likarudi Bodo, na fundi kijana akaitwa.

“Mjomba,” akasema kijana, “pampu imebana. Nikaipe mafuta kidogo, kesho utaniombea dua.” Akatwaa koleo akate ile risasi iliyofungia parafujo.

Karibu na hapo palikuwa na fundi mzee aliyekuja kutengeneza mashine ya mashua. Akauliza, “Mwanangu, moshi wa lori hili ni wa rangi gani?”

“Mweusi, mzee.”

“Basi mafuta linayo. Lililokosa ni pumzi. Mtu aliyekabwa koo humwongezi chakula.”

Jawabu lile ndilo asili ya elimu yote ya jambo hili. Kila aliyepata kukausha mbata anajua ya kuwa ukirundika makumbi motoni pasipo nafasi ya kupita hewa, hupati moto bali moshi, na mbata hugeuka nyeusi. Ndivyo ilivyo injini. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na injini ya dizeli hutaka zaidi ya kiasi hicho ili isitoe moshi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuiendesha injini yake vizuri mwaka 1897, hakuwa na pampu ya namna hii. Kiwanda cha Bosch ndicho kilichoanza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alikuwa amekwisha kupata hataza ya fikira ya tabo mwaka 1905. Pampu huleta mafuta, tabo huleta hewa, na kazi hufanywa na vyote viwili. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kwa sababu hiyo pampu nyingi za injini zenye tabo zimewekewa kiwambo kidogo cha mpira, kilichounganishwa kwa bomba jembamba na njia ya hewa. Tabo ikisukuma hewa nyingi, kiwambo husukumwa nacho huiruhusu pampu itoe mafuta zaidi. Hewa ikiwa haba, kiwambo huizuia. Bomba lile likipasuka, au kiwambo kikitoboka, lori hulegea, lakini halitoi moshi mwingi. Hapo ndipo pana alama ya kukumbukwa: lori dhaifu lisilo na moshi linalilia mafuta, lori dhaifu lenye moshi mweusi linalilia hewa.

Mzee yule hakufungua pampu hata kidogo. Alitoa chujio la hewa, akalikung’uta, na vumbi likamwagika kama unga. Kisha akapapasa mpira mnene utokao kwenye tabo kwenda kwenye injini. Chini ya kibano chake palikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Injini ikivuta mzigo ulifunguka na hewa ikatoroka kwa mlio wa filimbi. Chujio jipya na mpira mpya vikatiwa. Juma lililofuata lori lilipanda Kwale na saruji yake, na wingu lile halikuonekana tena.

Yafaa kuuliza: kama kijana angaliizungusha parafujo, ingalikuwaje? Huenda lori lingalipata nguvu kidogo kwa siku chache, na kila mtu angalimsifu. Lakini mafuta yaliyozidi hewa huongeza joto. Injini inapovuta mzigo mzito, moshi unaoingia katika tabo waweza kufika joto la digrii 600 au 700. Likizidi sana, vichwa vya pistoni huanza kuyeyuka, vali huungua, na tabo hupasuka. Hasara ya namna hiyo huja baada ya majuma au miezi, wakati ambapo hakuna tena anayeikumbuka ile parafujo.

Yako mengine ya kutazamwa kabla ya pampu, nayo hayana gharama kubwa. Chujio la dizeli likiziba, mafuta hayafiki. Maji yaliyokusanyika chini ya chujio yamwagwe. Waya au fimbo ya kikanyagio itazamwe kama inafika mwisho wake; malori mengi yamesingiziwa ugonjwa wa pampu kumbe kikanyagio kimelegea. Kisha nozeli zipimwe, kwani nozeli inayodondosha matone badala ya kupuliza ukungu hutoa moshi mweusi hata pampu ikiwa nzima. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, na mweupe mara nyingi ni dizeli isiyoungua.

Na hapa lazima onyo litolewe. Mtu asiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mtu aweza kupoteza kidole au mkono asipofika hospitali mara moja.

Haisemwi kwamba pampu isirekebishwe kamwe. Pampu huchakaa. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na silinda yake ni ndogo mara 20 na zaidi kuliko unene wa unywele, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Kwa hiyo mchanga huikwaruza, na mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huikausha. Uchanganyaji huo ulienea hata serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha.

Lakini pampu iliyochakaa mahali pake ni juu ya mashine ya kuipimia, kwa fundi mwenye jedwali la kiwanda la pampu ile ile. Huko mafuta ya kila silinda hupimwa kwa vikombe vya kioo, yapate kulingana. Chombo kiitwacho gavana, kinachotawala mwendo, hujaribiwa pia, kwani gavana akiharibiwa injini yaweza kukimbia mpaka ikavunjika. Baada ya kupimwa pampu hufungwa tena kwa risasi. Wakati wa kuirudisha kwenye injini, alama ya zamani ifuatwe: pampu ikipiga mapema injini hugonga, na ikichelewa huwa nzito, huchemka na kutoa moshi mweupe. Kwa hiyo mwenye busara hutia alama kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Malori mapya yanayotawalwa kwa kompyuta hayana parafujo hiyo, lakini nayo yana wanaobadilisha hesabu zake kwa ahadi ile ile ya nguvu, na sheria ya moto ni moja.

Bwana wa Bodo sasa anacho kitabu. Anaandika lita alizotia, maili alizokwenda, na siku alipobadili kila chujio. Fundi kijana amekwisha kujifunza kuuliza rangi ya moshi kabla ya kushika koleo. Risasi ya pampu ingali mahali pake, na jirani wanne waliotia sahihi wanalala usingizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye lori anayetaka kumaliza deni lake na aanze kwa chujio, amalizie kwa pampu.