Pesa za Ayeyo, Laini ya Mjukuu

"Ayeyo, laini hii ni ya nani?" Siku hizi swali hilo hunitoka hata kabla sijamuuliza ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, kama amekula. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii hapa Mandera, na kazi yangu imekuwa kufuatilia simu.

Jibu huwa jina la mjukuu, la shemeji au la mwenye duka. Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa fedha, humtengea mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo hutumwa kwa simu. Ayeyo ana kitambulisho, na hiyo ni bahati kubwa katika kaunti ambayo watu walipitishwa kwenye kamati za uchujaji kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais Ruto alipotia saini amri ya kuzifuta, huko Wajir, Februari 2025. Simu ndiyo hana, na hata angekuwa nayo, namba ya siri angesomewa na nani? Basi pesa zake zinaingia mfukoni mwa mwingine. Mjukuu akivuka mpaka kwenda Bulla Hawa, Somalia, kutafuta kibarua, laini huvuka naye. Akiwa na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, mfumo hujilipa kwanza, na ayeyo huambiwa pesa hazijafika. Mjukuu wala si mwizi. Amekopea unga ambao pengine hata yeye ayeyo aliula.

Mpango wa awali wa kinga dhidi ya njaa, HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na hapa kwetu, ulitumia kadi ya benki na alama za vidole. Mashine zilisumbua, maana vidole vilivyopasua kuni miaka hamsini havisomeki kirahisi. Lakini kidole hakiazimwi.

Watasema simu ni nafuu kwa serikali. Ni kweli, kwa sababu gharama yote amebebeshwa ayeyo: nauli, kamisheni ya dukani, na kumbembeleza mwenye laini. Huku mpakani, mnara wa simu ukilipuliwa, kijiji kizima husubiri.

Ninachodai ni kidogo. Mzee asiye na simu aandikishe mpokeaji wake rasmi, na aweze kumbadilisha kwa neno lake tu mbele ya afisa kijijini kwake. Deni la mwenye laini lisiguse pesa za msaada. Pasipo mtandao, zilipwe taslimu barazani kwa chifu. Nasi tupewe mafuta ya gari, maana kutoka ofisini hadi Takaba hakuendeki kwa ujumbe mfupi.