Mafunzo ya Lazima Yapimwe kwa Kazi, Si kwa Vyeti

Mtoto mchanga anayezaliwa bila ya kupumua hana muda wa kusubiri. Lazima asaidiwe ndani ya dakika yake ya kwanza duniani, na msaada huo hutoka katika mikono ya mkunga aliyempokea. Katika hospitali ya Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake, kama ilivyo katika kila hospitali ya nchi hii inayozalisha, swali la dakika hiyo ni moja tu: je, mikono ile inajua la kufanya? Hakuna anayeuliza mkunga ana vyeti vingapi.

Swali hilo ndilo mizani inayostahili kutumika kupima jambo ambalo sasa linaenea kwa kasi, nalo ni mafunzo ya lazima kwa njia ya mtandao. Wizara, mashirika ya umma na makampuni huwaamuru wafanyakazi wao, maelfu kwa mara moja, wafungue simu au kompyuta, wasome somo fulani, wajibu maswali na wapokee cheti.

Njia yenyewe ni njema, hasa kwa watu wa visiwani. Muuguzi wa Pemba anayeitwa kwenye mafunzo Unguja au Dar es Salaam hana budi kuvuka bahari, kulipwa posho, na kuwaachia zamu yake wenzake ambao tayari ni wachache. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na simu zimeingia hata mashambani. Somo likiweza kumfikia muuguzi pale pale Vitongoji bila ya mtu kupanda boti, huo ni ukombozi wa muda na wa fedha za umma. Mwenye kuipinga njia hiyo anapinga maendeleo.

Linalostahili kupingwa, na kupingwa bila ya haya, ni uvivu wa fikra unaojificha nyuma ya njia hiyo. Kwa kuwa kumtumia somo mfanyakazi wa elfu kumi hakugharimu zaidi ya kumtumia wa kwanza, watayarishaji huona kwamba somo refu ni la bure. Basi hurundika humo kila kitu: hotuba ya mkubwa, historia ya idara, vifungu vya sheria kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha somo hilo hilo hupelekwa kwa daktari, kwa mtunza stoo, kwa dereva na kwa mfagizi, kana kwamba wote hufanya kazi moja na hukosea kosa moja.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba somo hilo si la bure hata kidogo. Wafanyakazi 10,000 wakilazimishwa kukaa saa nne, zimekwenda saa 40,000. Kwa kazi ya saa nane kwa siku, hizo ni siku 5,000, ambazo mtu mmoja angezifanyia kazi kwa miaka ishirini. Mkuu wa idara ambaye asingethubutu kutumia fedha kiasi hicho bila ya kuulizwa hutumia muda huo kwa saini moja, na hakuna mkaguzi anayemfuata.

Kwamba mafunzo yanaweza kufaulu kwenye karatasi yakashindwa kazini si dhana. Jambo hilo limepimwa hapa hapa Tanzania, tena kwa somo lile lile la mtoto asiyepumua. Mwezi Aprili 2010, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Miezi saba baadaye walijaribiwa kwa kutumia mwanasesere, na ufaulu wao ukawa umepanda sana. Lakini watafiti waliotazama yaliyotendeka kwa watoto halisi katika chumba cha kuzalia hawakuona mabadiliko. Mafunzo yalikuwa yamefanyika na mtihani umefauluwa, na kazi ikabaki pale pale ilipokuwa.

Hospitali hiyo haikujibu kwa kuongeza urefu wa somo. Ililifupisha. Mwanasesere aliwekwa karibu na mahali pa kazi, na watumishi wakafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Kabla ya hapo, watoto 11 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wakifariki katika saa 24 za kwanza. Baada ya mazoezi hayo idadi ilishuka hadi 7. Mbegu hiyo imezaa mpango mkubwa zaidi, uliotekelezwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2025 yameonyesha kwamba vifo vya kina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75.

Wala fikra hiyo si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Haikuwa na intaneti. Ilikuwa na redio, vijitabu na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kabla. Kwa muda wa wiki 12 wananchi walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani yanayoficha mbu, kusafisha kisima. Waliopanga kampeni ile hawakujaribu kufundisha elimu yote ya udaktari. Walichagua maradhi machache na matendo machache, na kila somo likawa na kazi yake ya kufanywa kijijini.

Watetezi wa masomo marefu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wafanyakazi, pasipo kulazimishwa na kupewa cheti, hawatasoma. Lakini mfanyakazi anayefungua somo huku akihudumia wagonjwa, akabonyeza kurasa bila ya kuzisoma mpaka amalize, si mvivu. Ametambua upesi kwamba wakubwa wake wanataka jina lake katika orodha, naye amewapa walichotaka. Ya pili ni kwamba sheria inataka ushahidi wa mafunzo. Kweli, na ushahidi utunzwe. Lakini sheria inayotaka mfanyakazi afundishwe haikutaka achoshwe, na ukurasa mmoja uliosomwa na kueleweka ni ushahidi bora kuliko mia moja iliyopitwa kwa kidole.

Basi anayetayarisha mafunzo ya lazima aanze na kosa. Aende wodini, stoo au dirisha la malipo, aulize ni jambo gani hasa linakosewa na nani analikosea. Jambo hilo moja ndilo liwe somo, na wanaolikosea ndio wawe wanafunzi. Maswali yatangulie somo, ili mwenye kujua arudi kazini mara moja, kwani kumfundisha mkunga wa miaka ishirini jambo alifanyalo kila siku ni kumdharau. Somo liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, lugha ambayo muuguzi wa Pemba humwelezea nayo mgonjwa wake. Lifanywe katika saa za kazi, na gharama ya intaneti ilipwe na mwajiri. Amri inayomtaka mtumishi wa kima cha chini anunue bando kwa mshahara wake ili atimize wajibu wa ofisi ni ushuru usiopitishwa na Baraza lolote.

Tena mtandao upewe kazi unayoiweza. Unaweza kueleza kipimo kipya cha dawa, kubainisha sheria mpya, na kukumbusha kila mwezi lililofundishwa. Hauwezi kuufundisha mkono. Mkono hufundishwa na mkono mwingine, mbele ya mwanasesere, kwa dakika chache zinazorudiwa. Kwa hiyo msimamizi wa zamu asiachwe nje ya mafunzo. Yeye ndiye mwalimu halisi, na mtandao ni msaidizi wake.

Liko na la mwisho, ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Si kila upungufu ni upungufu wa elimu. Pale ambapo hakuna kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, mkunga aliyefuzu na asiyefuzu hulia sawasawa. Mafanikio ya ile mikoa mitano hayakuletwa na mazoezi peke yake. Vifaa vilipelekwa, na takwimu za kila hospitali zikarejeshwa kwa watumishi wenyewe wazitazame na kujisahihisha. Kutoa amri ya mafunzo ni rahisi kuliko kununua vifaa, na ndiyo sababu amri ni nyingi na vifaa ni haba.

Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Idara inayoleta ripoti kwamba asilimia 100 ya watumishi wake wamepata vyeti imeleta nta. Iulizwe asali iko wapi: makosa mangapi yamepungua, wagonjwa wangapi wamenusurika, watoto wangapi zaidi wamelia kwa sauti katika dakika yao ya kwanza. Ikishindwa kujibu, mafunzo hayo yafutwe, na saa zake zirudishwe kwa wagonjwa wa Vitongoji, ambao ndio wenyewe.