Bei ya pamba itangazwe kabla ya kupanda

Jamani, leo tuache kidogo siasa za Dar, twende Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu. Najua wengi mkisikia Simiyu mnakumbuka pamba, na mkisikia pamba mnakumbuka lile neno la kwenye hotuba: dhahabu nyeupe. Mimi neno hilo limenichosha. Mwenye dhahabu akiamka asubuhi anajua bei ya siku hiyo.

Mkulima wa pamba hajui. Anapanda Novemba au Desemba, mvua ikikubali (na Meatu mvua ni ya kubembeleza). Analima kwa plau ya ng'ombe, anapalilia, anapiga dawa ya funza wa vitumba, anachuma kwa mkono, anachambua. Halafu Mei, msimu wa ununuzi ukifunguliwa, ndipo anatangaziwa bei. Miezi sita ya kazi bila kujua malipo! Wewe wa ofisini ungesaini mkataba wa namna hiyo?

Na bei ikishatangazwa bado. Mwaka 2019 Serikali ilisema kilo isinunuliwe chini ya shilingi 1,200. Soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima waliokwisha kupima pamba yao wakakaa miezi wakidai. Ada ya shule haisubiri soko la dunia.

Kilio hiki ni cha zamani. Miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka na mizani ya wanunuzi, wakajenga vyama vyao, akina Paul Bomani wakiwa mbele. Vyama vikuu vikafutwa 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, soko huria likaingia 1994, na sasa ni AMCOS. Tumebadilisha anayeshika mizani mara zote hizo. Bei hatujaigusa.

Kuna watakaosema bei ya dunia haitabiriki. Kweli. Lakini Mali na Burkina Faso nao wanauza kwenye dunia hiyohiyo, na wao hutangaza bei mkulima anapojiandaa kupanda. Burkina Faso iliunda hata mfuko wa kuziba pengo soko linapoanguka. Tena hapo hapo Meatu, tangu 1994, bioRe wananunua pamba hai kwa mkataba, na mkulima anajua mapema kwamba kuna nyongeza juu ya bei ya soko. Pamba hiyo imevaliwa hadi Uswisi, sisi huku tunagombania mitumba.

Kwa hiyo Bodi ya Pamba itangaze bei ya chini Oktoba. Mfuko wa kuziba pengo uanze na sehemu ya ushuru unaokatwa kwenye pamba hiyohiyo. Halmashauri zitanuna, najua. Lakini Oktoba ndipo mtu wa Mwanhuzi anapoamua ekari ngapi ziende kwenye pamba na ngapi kwenye mtama. Asipoambiwa kitu wakati huo, msije mkamshangaa akipanda alizeti.