Kunakili si Kuhifadhi

Umeingia mtindo katika vijiji vyetu, nao unasifiwa na kila mtu, wa vijana kurudi nyumbani na mashine ndogo ya kunakilia picha, skana kwa jina lake, wakakusanya negativu na slaidi zote za ukoo, wakazipitisha ndani ya mashine ile kwa siku mbili tatu, kisha wakatangaza kwamba kumbukumbu za wazee zimeokolewa. Mimi nasema hazijaokolewa. Zimenakiliwa tu, na baina ya kunakili na kuhifadhi pana masafa marefu kuliko yaliyopo baina ya Makangale na Mkoani. Mwenye kuyachanganya mambo mawili haya, hata nia yake iwe njema namna gani, huenda akaupotezea ukoo wake katika wiki moja kile ambacho unyevunyevu na mende hawakukimaliza kwa miaka sitini.

Nisieleweke vibaya. Siipingi mashine. Sisi tunaoishi huku kaskazini ya Pemba, msitu wa Ngezi upande mmoja na bahari pande nyengine, tunajua hewa yetu inavyokula vitu. Uso wa filamu umepakwa jelatini, nayo hutokana na mifupa na ngozi za wanyama, na ukungu huipenda kama sisimizi wapendavyo sukari. Masika mawili matatu ndani ya kasha lisilofunguliwa yanatosha kuifanya picha ya harusi iwe na madoa kama ngozi ya chui. Tena tangu waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kuja Pemba mwaka 2010, mtu anaweza kukaa na kompyuta yake kijijini akafanya kazi ambayo zamani ingetaka jenereta na madumu ya dizeli. Kwa hiyo mwenye skana na ailete, na aliyekuwa nayo asiionee choyo. Ninachokipinga ni yale yanayofanywa kabla ya mashine kuwashwa na baada ya kuzimwa.

Tuanze na baada. Mara nyingi kijana akishamaliza kunakili, huziona zile negativu kuwa ni takataka. Nimeshuhudia kwa macho yangu bahasha nzima za ukoo mmoja zikitiwa motoni pamoja na makumbi ya nazi, kwa hoja kwamba "zote zimo kwenye simu." Simu ile haikumaliza mwaka. Iliingia maji ya chumvi ndani ya ngarawa, na pamoja nayo zikazama sura za watu waliokufa kabla mwenye simu hajazaliwa.

Lakini hata simu ingepona, hoja yenyewe ni mbovu. Negativu ndiyo filamu iliyokuwamo ndani ya kamera siku ile. Mwanga uliotoka kwenye uso wa marehemu ndio ulioigusa, na hakuna kitu chengine duniani kilichoguswa na mwanga ule. Picha ya karatasi ni mtoto wa negativu, na hiyo iliyomo kwenye kompyuta ni mtoto vilevile, na afya ya mtoto huyo hutegemea mkunga. Chukua negativu ya kawaida, ile yenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiiamuru mashine isome nukta 2,400 kwa kila inchi, utapata picha yenye nukta zinazokaribia milioni 7.7. Ukiiacha kwenye nukta 300, kama wafanyavyo wenye haraka, utapata nukta 120,000 tu. Kwenye kioo cha simu picha mbili hizo zitafanana. Jaribu kuikuza ile ya pili uitundike ukutani, utaona uso wa babu yako umegeuka vigae. Aliyeitunza negativu atarudia kazi kesho kwa mashine bora zaidi. Aliyeichoma atarudia kwa nini?

Tena mashine ina ujinga wake, na ujinga wa mashine ni hatari kwa sababu hausiti. Skana nyingi zina njia ya kuondoa vumbi na mikwaruzo kwa mwanga wa infraredi. Kwa filamu nyingi za rangi njia hiyo hufanya kazi vizuri, kwa kuwa rangi zake huupitisha mwanga huo na vumbi huuzuia. Filamu za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo ndizo nyingi katika makasha yetu, hazina rangi. Zimeumbwa kwa chembe za fedha, na fedha huuzuia mwanga huo kama vumbi livyouzuia. Basi mashine hudhani picha yenyewe ni uchafu. Na kwa kuwa katika negativu fedha hujikusanya zaidi penye weupe, huanza kusafisha kanzu, kofia na ndevu zenye mvi. Nimeonyeshwa picha ya sheikh mmoja aliyeheshimika sana, kidevu chake kimepakwa kama mtu aliyenyolewa kwa pupa. Yule kijana aliyeinakili hakuona kasoro, kwani hakumjua sheikh.

Na nimeona nyengine iliyonikera zaidi. Filamu ina pande mbili, upande unaong'aa na upande uliofifia, na ukiilaza kinyume mashine hainakili tu bali hupindua. Picha hiyo ilikuwa ya karamu ya Idi, wazee sita wamelizunguka sinia, na wote sita wanakula kwa mkono wa kushoto! Wazee wale, waliotufinya masikio utotoni kwa kosa hilo hilo, wamevishwa kosa hilo baada ya kufa, na picha imesambazwa Mombasa mpaka Maskati. Mtoto yeyote wa darasa la tatu aliyelelewa angeigundua. Kilichokosekana si elimu ya kompyuta. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama.

Hapa ndipo ninapofika kwenye yale yanayofanywa kabla ya mashine, nayo ndiyo makubwa zaidi. Vijana wetu hunakili wasichokijua. Faili ya kwanza huitwa moja, ya pili huitwa mbili, mpaka mia nne na kitu, na ndani ya mia nne hizo kuna watu elfu wasio na majina. Picha isiyo na jina baada ya kizazi kimoja ni picha ya mgeni. Itapendeza, itasifiwa kwa kofia nzuri na khanga za zamani, lakini haitamfunza mjukuu yeyote kwamba ametoka kwa nani.

Wala msidhani hili hutokea kwa maskini wa Makangale peke yao. Huko Bamako, nchini Mali, alikuwepo mpiga picha aitwaye Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga picha watu wa mji ule kwa maelfu. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, nchini Marekani, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, nazo ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana. Asiyejulikana, na yeye yuko hai mjini kwake! Ilibidi mtu afunge safari mpaka Bamako kumtafuta, akamkuta mzee ana negativu zake kwa maelfu, amezitunza. Hizo negativu, na uhai wake mwenyewe, ndivyo vilivyomrudishia jina. Alifariki mwaka 2001, na leo jina lake linatajwa kila panapozungumzwa picha za Afrika. Lakini wale mabibi na mabwana waliokaa mbele ya kamera yake wamevaa nguo zao bora, wengi wao wamebaki bila majina mpaka leo. Mpiga picha aliulizwa kwa wakati. Wao hawakuulizwa na mtu.

Sisi tuna wajibu mzito zaidi wa kuuliza, kwa historia yetu ilivyo. Kulikuwa na studio mjini Unguja, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, na watu wa visiwa hivi walipanga foleni humo wakiwa na kanzu zilizopigwa pasi. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na katika miaka iliyofuata koo nyingi zikatawanyika: wengine Dar es Salaam na Tanga, wengine Mombasa, wengine Oman na Dubai, wengine Uingereza. Wapo waliochukua picha na kuacha jamaa, wapo waliobaki na jamaa bila picha. Leo katika ukoo mmoja utakuta negativu iko Micheweni na anayemjua mtu aliyemo yuko Maskati, naye ana miaka themanini na tano. Nawajua watoto wa ndugu wawili waliokwenda miaka arubaini hawajuani, mpaka picha moja ilipowekwa mbele ya bibi mmoja akasema, "Huyu wa kushoto ni mdogo wake baba yenu." Kwa neno lile moja mirathi iliyokwama ikafunguka na watu wakaanza kuzikana na kuozana. Skana haikusema neno lile. Bibi ndiye aliyelisema, na mwaka uliofuata tulimzika.

Vijana huniambia, "Maalim, wazee wenyewe wamesahau." Si kweli. Mzee mmoja peke yake husahau. Waweke watatu pamoja kibarazani baada ya alasiri, uwape picha na kahawa. Wa kwanza atasema huyu ni fulani. Wa pili atakataa, atasema fulani alikuwa na kovu juu ya jicho. Watabishana, watakasirikiana kidogo, na katikati ya ubishi ule jina litatoka, na pamoja na jina itatoka habari ya shamba la mikarafuu, ya jahazi lililozama, ya mahari iliyolipwa kwa mafungu. Huniambia pia kwamba hawana muda, likizo ni fupi. Aliyepata siku tatu za kuitumikia mashine hakosi alasiri moja ya kumtumikia bibi yake.

Limebaki jambo la haya, na hili sitalifumba. Ndani ya makasha yale zimo picha za wanawake zilizopigwa ndani ya nyumba, siku za harusi, nywele wazi, kwa macho ya mume, ndugu na mashoga. Aliyekubali kupigwa alikubali kwa sharti hilo, ingawa hakuliandika. Kuiweka picha hiyo katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ni kuvunja amana ya mtu asiyeweza kujitetea. Watu husema, "Ni zamani, hakuna anayejali." Mimi nasema haya ya mtu haifi naye. Aliye hai aombwe ruhusa mwenyewe, na aliyekufa waombwe watoto wake. Wakikataa, picha ibaki katika kasha, na kasha halitavunjika kwa uzito wake.

Basi kazi hii ifanywe kwa utaratibu wake. Picha zikusanywe, wazee waulizwe kwanza, na majina yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki inayofunga jasho, na nambari ya bahasha iwe ndiyo nambari ya faili. Kisha mashine iwashwe, kwa nukta za kutosha, ile njia ya kuondoa vumbi ikiwa imezimwa kwa filamu za nyeusi na nyeupe, na kila picha itazamwe na mtu anayejua mkono wa kulia uko wapi. Nakala ziwekwe sehemu tatu, katika nyumba tatu tafauti, kwani diski hufa bila kuugua. Slaidi zishikwe kwa uangalifu huo huo, kwa sababu nyengine hazina tena wa kuzitengeneza upya: filamu ya Kodachrome ilikoma kutengenezwa mwaka 2009, na kiwanda cha mwisho kilichoisafisha, huko Kansas, kiliacha mwanzoni mwa 2011. Na negativu zenyewe, baada ya yote hayo, zirudi ndani ya kasha kavu, mahali penye hewa, mbali na sakafu na mbali na paa la bati, na ukoo umjue anayezitunza kama unavyomjua anayetunza hati ya shamba.

Anayeona utaratibu huu ni mrefu na aiache kazi kwa mwengine, kwani kasha lililofungwa lina matumaini zaidi kuliko kasha lililochomwa. Lakini asikawie sana. Skana hata mwakani itauzwa madukani, tena kwa bei nafuu zaidi. Mzee wa kukutajia majina hauzwi, na mwakani huenda hayupo.