Benki ni ya nani? Umiliki wa benki nchini na maana yake kwa wananchi wa Mafia

Na Mwandishi Wetu, Mafia

KILINDONI, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, hufikiwa kwa ndege ndogo au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati wilayani Kibiti. Katika mazingira hayo, kuwapo au kutokuwapo kwa tawi la benki si jambo dogo. Mfanyabiashara wa pweza, mwenye shamba la minazi na mwalimu anayesubiri mshahara wote wangelazimika kuvuka bahari kufuata fedha zao. Ndiyo maana swali la nani anamiliki benki, ambalo mara nyingi huachiwa wachumi wa Dar es Salaam, linamhusu pia mkazi wa kisiwani.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 1967, biashara ya benki Tanzania Bara ilitawaliwa na makampuni ya kigeni, yakiwemo Standard, Barclays na National and Grindlays. Siku moja baada ya Azimio la Arusha, yaani Februari 6, 1967, Serikali ilitangaza kuzitaifisha, na shughuli zake zikakabidhiwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Zanzibar ilikuwa imekwishatangulia kwa kuanzisha Benki ya Watu wa Zanzibar mwaka 1966.

NBC ilifika mahali ambapo benki za kikoloni hazikuona faida ya kufika. Hilo ni jema na lisisahauliwe. Hata hivyo, benki hiyo hiyo iliagizwa kuyakopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambavyo vingi havikuweza kulipa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, iliyoundwa mwaka 1988, ilipendekeza mageuzi, na sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi.

Mwaka 1997 NBC iligawanywa. NBC mpya ilibaki na biashara kubwa ya mijini, na mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa zake zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Serikali ikabaki na asilimia 30. Matawi mengi ya wilayani yalikwenda kwa National Microfinance Bank (NMB). Wakati ule wapo walioiona NMB kuwa ni mabaki tu, mzigo ambao mnunuzi hakuutaka. Walikosea. Mtandao huo wa wilayani ndio uliogeuka kuwa mtaji wake mkubwa, kwa kuwa ulikuwa karibu na mtumishi wa umma, mkulima na mchuuzi.

Mwaka 2005 Serikali iliuza asilimia 49 ya NMB kwa wawekezaji wakiongozwa na Rabobank ya Uholanzi, benki yenye asili ya ushirika wa wakulima. Mwaka 2008 sehemu nyingine iliuzwa kwa wananchi na wafanyakazi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Serikali imebaki na asilimia 31.8. Kwa hesabu za mwaka 2023, hisa hizo ziliiletea Hazina gawio la Shilingi bilioni 57.4.

Inafaa kulinganisha na Mexico. Rais José López Portillo alitaifisha benki za nchi hiyo Septemba 1, 1982, na miaka ya 1991 na 1992 zikarejeshwa mikononi mwa watu binafsi. Baada ya mtikisiko wa fedha ulioanza Desemba 1994, kubwa miongoni mwake zilichukuliwa na wageni: BBVA ya Hispania ikaitwaa Bancomer na Citigroup ya Marekani ikainunua Banamex mwaka 2001. Tanzania ilipita njia inayofanana na hiyo, lakini haikuachia kila kitu. CRDB, iliyobinafsishwa mwaka 1996 kwa msaada wa mfuko wa Denmark, nayo imeandikishwa katika soko la hisa tangu 2009, na Watanzania wengi wana hisa zake.

Umiliki peke yake, hata hivyo, haumpi mvuvi mkopo. Chombo cha uvuvi ni dhamana ngumu kwa benki yoyote, iwe ya umma au ya mgeni: huzama, huchakaa, na mapato yake hufuata upepo wa kusi na kaskazi. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hapo ndipo Serikali inapopaswa kuutumia uzito wa hisa zake, si kwa kuamuru mikopo kama zamani, bali kwa kudai bima na masharti yanayolingana na misimu ya bahari.

Jaribio jipya limekwishaanza. Aprili 28, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, ambayo vyama vya ushirika vina asilimia 51 ya hisa zake. Kwa Mafia, kisiwa cha nazi, korosho na samaki, kinachosubiriwa ni kuona iwapo wamiliki hao wapya watavuka maji hadi Kilindoni, na wakivuka, watampokea mvuvi kwa dhamana ipi.